Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

Hotuba iliyosomwa mbele ya madereva, mataniboi na makanika wa njia za Kalokol, Lodwar na Kakuma



Kamati imetuomba sisi wa karakana tuseme maneno machache juu ya magari makuukuu ya dizeli yanayopoteza maji. Huenda wengine wenu wakacheka, wakasema kumwaga maji katika rejeta ndiyo kazi ya kwanza anayofundishwa taniboi, tutafundishwa nini tena? Hatukatai. Lakini katika mkutano uliopita tuliuliza ni nani kati yetu amewahi kukatwa mshahara kwa sababu injini ilichemka njiani, na mikono iliyoinuka haikuwa michache. Na kila aliyesimama kueleza alisema mambo yale yale: tajiri alisema, "Hukutia maji," yeye akajibu, "Nilitia," na hapo mazungumzo yakaisha, maana mwenye gari ndiye mwenye kalamu ya mishahara.

Sisi twaamini kuwa wengi wa madereva hao walisema kweli. Walitia maji. Shida yao ni kwamba hawakuweza kueleza yale maji waliyotia yalikwenda wapi. Basi leo tuyatafute.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Mara nyingi twasikia mtu akisema, "Hili gari ni zee, lazima linywe maji kidogo." Injini hula dizeli. Injini iliyochoka hula na oili. Lakini hakuna injini iliyoumbwa kunywa maji. Maji huzunguka tu, kutoka rejeta kwenda katika bloku, kupanda katika hedi, kupita temostati, na kurudi rejeta kupoa. Yakipungua, yametoka kwa mlango fulani, na milango si mingi. Ama yamedondoka nje, ama yamerushwa kupitia kifuniko, ama yameingia katika silinda yakatoka na moshi, ama yameingia katika oili. Mlango wa tano hatuujui.

Sasa tutawaeleza habari ya gari moja, maana ndiyo iliyotufundisha sisi wenyewe. Mwenye gari hatumtaji, wala dereva hatumtaji.

Lilikuwa Land Cruiser la injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, injini ambayo mnaijua wote. Kazi yake ilikuwa kubeba samaki kutoka Ghuba la Ferguson mpaka Lodwar, kiasi cha kilomita 60, na mara nyingine kuendelea mpaka Kakuma, kilomita 120 nyingine. Asubuhi moja likachemka njia ya Kakuma likiwa na mzigo. Samaki wakaharibika. Makanika wa mjini akaitwa, akafungua hedi, akatia gasketi mpya, akafunga. Gharama ya gasketi, na ya kazi, na ya samaki, vyote vikaandikwa juu ya dereva, akatwe kidogo kidogo kila mwezi. Wiki iliyofuata gari likaanza tena kupoteza maji, kama lita moja na nusu kila siku, na dereva akaambiwa sasa ni mara ya pili.

Akaja kwetu akiwa na karatasi. Ndugu zetu, karatasi ile ndiyo iliyomwokoa, kwa hiyo tutaieleza. Kwa muda wa siku tisa alikuwa ameandika kiasi cha maji alichotia, na saa aliyotia. Hakuandika kwa kuwa alijua siri ya jambo. Aliandika kwa kuwa amechoka kuitwa mwongo. Lakini tulipoisoma tuliona kitu. Jioni akifika Kalokol, injini ikisha kupoa, maji yalikuwa karibu kujaa. Asubuhi yalikuwa yamepungua. Maana yake gari lilikuwa likipoteza maji yake likiwa limelala, si likiwa linakwenda. Gasketi iliyokatika hufanya kazi yake mbaya zaidi wakati injini inapovuma na mzigo. Hii ilikuwa na tabia nyingine kabisa.

Na siku ile lilipochemka? Dereva alikuwa ametia maji saa moja ya jioni, akalala, akaondoka saa tisa ya usiku gizani ili awahi soko. Kweli alitia. Na kweli injini iliondoka na upungufu. Maneno yote mawili yalikuwa sahihi, na hakuna aliyeyapatanisha.

Tukamuuliza, "Umetazama chini ya gari?" Akasema kila asubuhi hutazama chini ya rejeta, na mchanga ni mkavu. Hapa ndipo Turkana inapotudanganya. Kitale au Nairobi gari likivuja usiku, asubuhi utakuta kidimbwi juu ya saruji. Kule Longech na Kalokol mchanga hunywa, na upepo wa ziwani haulali. Hata mwenye macho mazuri hataona kitu. Tukachukua maboksi mawili ya karatasi, tukayakata na kuyatandaza chini ya gari kutoka bampa mpaka nyuma ya gia, tukayawekea mawe. Asubuhi palikuwa na alama pana kama sinia. Haikuwa mbele chini ya rejeta. Ilikuwa nyuma, karibu chini ya miguu ya dereva.

Tukafuata unyevu kwa kidole kwenda juu: juu ya gia, nyuma ya injini, mpaka kwenye mpira wa maji unaokwenda katika hita ya ndani. Hita, Lodwar! Lakini aliyeunda gari hakujua litauzwa wapi, na maji hupita kwenye mpira ule hata kama hakuna mtu aliyewahi kuivuta swichi yake. Mpira ulikuwa umekauka kama ngozi ya mbuzi, na klipu imelegea. Injini ikiwa moto, chuma huvimba na kuziba pengo. Ikipoa usiku, chuma husinyaa na maji hutoka pole pole mpaka alfajiri. Tukakata kipande cha mpira mpya, tukatia klipu mbili. Bei yake haikufika ujira wa dereva wa siku moja.

Tulipouliza gasketi ya zamani iko wapi ili tuone kama kweli ilikuwa imekatika, tukaambiwa imetupwa. Basi shikeni neno hili: hedi ikifunguliwa na wewe ndiye unayelaumiwa, omba gasketi ya zamani uiweke. Gasketi iliyokatika ina njia nyeusi kati ya tundu la silinda na tundu la maji, hata mtoto ataiona. Iliyo nzima nayo hujionyesha.

Sasa tuseme juu ya milango mingine, na tuanze na kifuniko cha rejeta, maana ndicho kitu cha bei ndogo kinachosingiziwa kuwa ugonjwa mkubwa.

Kifuniko si cha kuzuia vumbi. Kina springi, na juu yake pameandikwa nguvu ya msukumo anaoweza kuuzuia, mara nyingi 0.9. Maji yakibanwa kwa nguvu hiyo huchelewa kuchemka. Hapa Lodwar, tulipo kama mita 500 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka karibu digrii 98. Yakibanwa na kifuniko kizima hayachemki mpaka karibu digrii 118. Ukipanda Kitale, karibu mita 1,900, maji yasiyobanwa huchemka digrii 94 tu, na injini yenyewe yapenda kufanya kazi kati ya digrii 80 na 95. Kwa hiyo dereva mwenye kifuniko kilichochoka ataendesha salama bondeni, akipita Marich na kuanza kupanda Kamatira na mzigo, maji yatatokota na kurushwa nje. Ataambiwa hedi imekufa. Tazama mpira wa ndani ya kifuniko: umepasuka? umekuwa mgumu? Springi ina kutu? Badilisha hicho kwanza, na uhakikishe namba ni ile ile. Kifuniko chenye nguvu kupita kiasi kitapasua rejeta.

Na tafadhali, ndugu, kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto. Maji ya digrii 110 yaliyobanwa, yakiachiliwa ghafula, hugeuka mvuke palepale usoni pa mtu. Kuna mataniboi katika chama hiki wenye alama ya jambo hilo kifuani na mikononi, nao hawahitaji kuelezwa. Gari likichemka, zima, fungua boneti, ngoja. Nusu saa si nyingi, na ikiwa jua ni kali ngoja zaidi. Shika mpira wa juu kwa kitambaa: ukiwa bado mgumu, mvuke bado umo. Wala usimwage maji baridi katika injini iliyokauka na kuwaka moto, maana hedi itapasuka, na safari hiyo lawama itakuwa ya haki.

Kifuniko kikiwa kizima, tazama pampu ya maji. Chini ya shafti yake pana tundu dogo. Tundu hilo liliwekwa makusudi, ili sili ya ndani ikichoka maji yatoke hapo uyaone. Kuna watu wamewahi kuliziba kwa gundi! Hapa kwetu maji hayo hukauka kabla hujayaona, lakini huacha utando: mweupe ikiwa ulitia maji matupu, wa kijani au mwekundu ikiwa ulitia dawa ya rejeta. Utando huo ndio mwandiko wa maji. Utafute chini ya pampu, kwenye viungo vya mipira, pembeni mwa rejeta mahali shaba au plastiki inapokutana, na kwenye vizibo vya bati vilivyopigwa ubavuni mwa bloku. Vizibo hivyo huliwa na kutu kutoka ndani. Kwa nje utaona doa dogo tu. Ukikigusa kwa ncha ya bisibisi, kinatoboka.

Tukija kwenye gasketi ya hedi yenyewe, hatusemi haikatiki. Hukatika. Tunachokataa ni kuihukumu bila ushahidi. Asubuhi, injini baridi, fungua kifuniko, jaza maji mpaka mdomoni, kisha washa. Mapovu machache ya mwanzo si kitu, ni hewa iliyokuwa imenaswa. Lakini yakiendelea kutoka bila kukoma, na yakizidi unapokanyaga mafuta, huo ni moshi wa silinda unaoingia katika maji. Dalili nyingine: funga kifuniko injini ikiwa baridi, washa, na baada ya dakika moja au mbili bana mpira wa juu. Maji bado ni baridi, hayana sababu ya kuubana. Ukiwa umekwisha kuwa mgumu kama mti, silinda ndiyo inayousukuma. Kuna na dawa ya bluu ya kupimia, inayogeuka rangi ikipitiwa na moshi wa injini. Aliye nayo aitumie.

Moshi mweupe huwadanganya wengi. Dizeli isiyoungua nayo hutoa moshi mweupe asubuhi, hasa nozeli au hita plagi zikiwa zimechoka. Tofauti iko puani. Moshi wa dizeli huwasha macho na hukaa hewani. Mvuke wa maji hupotea upesi, na ikiwa mna dawa ya rejeta, una harufu ya utamu utamu. Injini ikiisha kupata moto na moshi mweupe bado haukomi, hapo shuku maji.

Na ikiwa asubuhi unazungusha starta, injini inapiga "dum!" na kukataa, acha mara moja. Usisukume gari, wala usivutwe. Huenda silinda imejaa maji usiku, na maji hayashindiliki kama hewa. Ukilazimisha, utakunja koni rodi, na injini ya dizeli inayoshindilia hewa mara ishirini na zaidi haina huruma. Toa hita plagi zote, kaa mbali na matundu, kisha zungusha. Silinda yenye maji itajitangaza yenyewe.

Oili nayo ina ushahidi wake. Wengi hutazama kifuniko cha oili kama kina rangi ya chai ya maziwa. Ni vizuri, lakini kuna njia bora. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo gari likilala, maji huzama chini. Asubuhi kabla ya kuwasha, legeza kidogo sana nati ya sampu, uweke kikopo chini. Yakitangulia maji kabla ya oili, umekwisha pata jibu, na gari hilo lisiendeshwe hata kilomita moja, maana beringi hazilainishwi na maji.

Tumeona pia magari yanayochemka bila kuvuja popote: rejeta imezibwa kwa nje na vumbi, nyuzi za magunia na majani ya mathenge. Osha kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kwa kusukuma takataka ndani zaidi.

Sasa neno juu ya maji yenyewe. Ninyi wa ghubani mnajua vijana wanavyokuja na jerikeni za maji ya ziwa, nayo hayana bei. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi. Kila lita ina kiasi cha gramu mbili na nusu za chumvi na magadi. Hesabuni: lita moja na nusu kila siku kwa siku 30, ni zaidi ya gramu 100 zilizomiminwa katika injini. Maji yakitoka kwa mvuke, magadi hayatoki nayo. Hubaki, huganda katika vijia vya rejeta, na yale yenye ukali hula aluminiamu ya pampu na ya nyumba ya temostati. Wakubwa wenu mnakumbuka kiwanda cha samaki cha Kalokol kilichojengwa kwa msaada wa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mitambo ya baridi ilifanya kazi siku chache tu ikasimamishwa; gharama ya kuiendesha ilikuwa kubwa, na ilihitaji maji safi mengi, katika nchi hii. Halafu ghuba lenyewe likakauka. Ikiwa mtambo wa mamilioni ulishindwa kwa ajili ya maji safi, Land Cruiser lenu nalo litashindwa.

Kwa hiyo, ukikwama njiani na huna kingine, tia maji ya ziwa, maana injini kavu ni mbaya zaidi. Lakini ukifika, yamwage yote na usafishe. Maji ya mvua ni mazuri. Maji yaliyochujwa ya betri, yale matupu yasiyo na asidi, ni bora. Changanya na dawa ya rejeta nusu kwa nusu. Dawa si ya nchi za barafu peke yake, kama matajiri wengine wanavyodai ili wasinunue. Huzuia kutu, na huchelewesha kuchemka kwa digrii kadhaa.

Tumalize habari ya yule dereva. Tulikwenda kwa mwenye gari, sisi wawili na mwakilishi wa chama, tukiwa na karatasi ya siku tisa, kipande cha boksi chenye doa, na ule mpira mkavu. Tukamsomea Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19. Kifungu hicho kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu. Mpira uliokauka wenyewe nyuma ya injini si makusudi ya mtu. Tena, hata pale makato yanapokubaliwa, yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara. Na kama angetaka kumfukuza kwa kosa, kifungu cha 41 kinamtaka kwanza aeleze sababu kwa lugha anayoielewa mfanya kazi, mbele ya mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama, na asikilize majibu.

Hakufurahi. Lakini boksi lilikuwa mezani. Makato yakasimamishwa mwezi ule ule, na fedha ya gasketi ikarudishwa kwa mafungu mawili. Fedha ya samaki bado tunabishana, na hatujaiacha.

Twaomba kila dereva wa gari la zamani awe na daftari ndogo ndani ya gari. Aandike tarehe, saa, kilomita, maji aliyotia na mahali alipoyatoa, na kama injini ilikuwa baridi au moto. Aliyekuwa naye atie sahihi, hata akiwa taniboi. Na ukimwambia tajiri kuwa gari linavuja, andika siku uliyomwambia, na jibu lake.

Bomba la kupimia rejeta liko kwa katibu wa tawi. Hufungwa mahali pa kifuniko, unapampu kwa mkono mpaka namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, kisha unangoja robo saa. Sindano ikishuka, tafuta tone. Asitokee mtu akatumia kompresa ya magurudumu badala yake, atapasua rejeta. Anayeliazima atie sahihi, na alirudishe pamoja na mpira wake wa mdomoni, maana ule wa kwanza ulipotea na huu wa sasa tuliununua kwa mchango.